Mguu Ambao Sikuukanda

Kazi yangu ni kukanda watu. Jamaa zangu wakinipigia simu na kuniuliza nafanya nini Dubai, huwaambia niko kwenye kituo cha wanawake, na wengi hudhani nasuka nywele au nachora hina. Siwasahihishi. Aliyewahi kufika mji huu ameviona vile vikadi vya rangi vinavyochomekwa kwenye vioo vya magari, vyenye picha ya msichana, namba ya simu na neno masaji kwa herufi kubwa. Wafagiaji huviokota asubuhi pamoja na vumbi. Vikadi vile na kazi yangu vinatumia neno moja, na serikali ya hapa imejitahidi sana kuvitenganisha. Jitihada hizo ndizo zilizonifanya nianze kusoma tena nikiwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa.

Mimi ni wa Mombasa. Mama yangu ni mkandaji wa wazazi. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua, kabla hata jina la mtoto halijajulikana, mtu hutumwa kuja kumwita mama. Atamkanda kwa maji ya moto, atamsinga kwa mafuta, atamfunga tumbo kwa leso, na ataendelea hivyo mpaka arobaini iishe. Mimi nilianza kwa kumbebea beseni, kisha nikapewa miguu, kisha mgongo. Tumbo sikupewa mpaka nilipokuwa nimezaa mwenyewe. Hakuna aliyetuuliza tumesomea wapi. Ukimkanda mtu akalala usingizi, umefuzu. Ukimkanda akalalamika, mwaka ujao wataita mwingine.

Baadaye nilifanya kazi kwenye hoteli za watalii, nikasoma kozi fupi na kupata cheti, na kwa cheti hicho nikaja Dubai. Kituo kilichoniajiri kiko Al Twar, ghorofa ya chini ya jengo lenye zahanati juu yake. Vioo vyake vimefunikwa karatasi nyeupe ili asionekane mtu ndani, na mlangoni pana kibao kinachokataza wanaume kuingia. Mwenye kituo ni mama wa Kisiria ambaye sote tunamwita madam. Ni mwanamke wa sauti ndogo na hesabu kubwa. Baada ya kuniona nikifanya kazi kwa muda aliniita ofisini.

“Wateja wako wanakuja na migongo mibovu,” alisema. “Hawaji kustarehe. Wanataka tiba. Na wewe kwa karatasi ulizo nazo hapa huruhusiwi kutibu.”

“Mikono ni ileile, madam.”

“Mikono ndiyo. Ruhusa siyo.”

Akanieleza kwamba mbele ya sheria za hapa kuna kukanda kwa kustarehesha na kukanda kwa kutibu, na ukitaka kuvuka kutoka huku kwenda kule lazima upite kwa mamlaka ya afya: vyeti vihakikiwe mpaka chuo vilikotoka, upimwe afya, kisha ufanye mtihani. Mtihani ni wa Kiingereza, kwenye kompyuta. Nilimsikiliza kama mtu anayeelezwa njia ya mji ambao hana haja ya kwenda. Lakini yeye alikuwa ameshaamua, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kuendelea kubaki.

Nilisomea jikoni. Nakaa chumba kimoja na mwenzangu wa kazini, Mkenya wa upande wa Kericho, ambaye leseni yake aliipata kabla yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea maswali huku akisonga ugali, na mimi najibu huku nakata sukuma wiki.

“Hii misuli ya nyuma ya mguu inaitwa aje?”

Nikataja.

“Hiyo ni ya paja. Rudia.”

Nilijifunza majina ya misuli yaliyokuwa marefu kuliko misuli yenyewe. Hilo halikunishangaza, nilitarajia majina. Kilichonishangaza ni kwamba sura ndefu kuliko zote kitabuni ilihusu watu wasiotakiwa kukandwa. Mwenye homa. Mwenye kidonda kibichi. Mwenye presha isiyotulia. Mwenye mguu uliovimba ghafla, upande mmoja, wenye joto. Kurasa kwa kurasa za kuondoa mikono. Kwa mama yangu hakukuwa na mtu asiyekandika. Kulikuwa na mkandaji asiyejua. Nilimwambia mwenzangu hivyo, naye akafunika sufuria na kusema, “Basi hapo ndipo watakuuliza zaidi. Wanajua hapo ndipo tunaanguka.”

Nilianguka kweli mara ya kwanza. Mara ya pili nikapita. Madam alinunua keki, akaitundika leseni yangu ukutani karibu na ya mwenzangu, na kuninong’oneza kwamba jina la kituo limeandikwa pale pamoja na jina langu. Maana yake, aliniambia, ni kwamba mikono yangu ina ruhusa ndani ya kuta hizi. Nikitoka nje ya mlango, ni mikono ya mwanamke yeyote.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwamo bibi mmoja wa Rashidiya. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku angali bi harusi, na sasa ana nyumba yenye ua na wajukuu wanaomjibu kwa Kiarabu akiwasemesha kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo alikuwa akinipenda. Alikuja kila wiki kukandwa mabega, na mabega yalikuwa kisingizio. Alichokifuata ni mazungumzo. Kiswahili chake ni kile cha zamani kilichonyooka, na nilipotia neno la Kiingereza alinyamaza mpaka nilitafsiri.

Siku moja alikuja nje ya siku yake. Mkwewe, mke wa kijana wake mdogo, alikuwa amejifungua kwa upasuaji na yuko nyumbani.

“Nakuhitaji wewe,” aliniambia hata kabla hajakaa. “Uje asubuhi na jioni. Gari itakufuata. Hapa hakuna tena wanaojua kumkanda mzazi. Wote waliojua wamekufa au wamerudi.”

“Bibi, siwezi kuja nyumbani.”

“Huwezi, au hutaki?”

“Leseni yangu ni ya hapa kituoni.”

“Leseni ya kumkanda mzazi,” alisema, taratibu, kama anayeonja chakula asichokijua. “Mama yako alipewa na nani?”

“Hakupewa na mtu.”

“Akaua wangapi?”

Nilikwenda kwa madam nikamweleza, na ninakiri nilitumaini atasema nenda, mimi sijui kitu. Hakusema hivyo. Alisema kwamba kuna kibali cha kuhudumia majumbani, kituo kinaweza kukiomba, na kwa kweli amekuwa akikifikiria; lakini hakipatikani leo wala kesho. Wakaguzi wakinikuta nyumbani kwa watu na mafuta mikononi, mimi nitapoteza kazi na nchi, na yeye atapoteza kituo. “Mwambie inshallah mwezi ujao,” alisema.

Nilipomwambia bibi mwezi ujao, alicheka bila furaha. Arobaini haingoji mwezi ujao. Akachukua mkoba wake akaondoka, na mimi nikadhani habari imeishia hapo.

Siku mbili tatu baadaye, mchana wakati wa joto kali na kituo kitupu, gari refu lenye pazia madirishani lilisimama mbele ya mlango. Bibi alishuka kwanza. Nyuma yake alikuja msichana wa kazi na mtoto mchanga aliyefunikwa mpaka usoni, kisha mkwewe, amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni na baibui juu ya hayo yote, anatembea ameinama akishika ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mzazi ametolewa nje siku zile. Kwetu mzazi hatoki hata kibarazani.

“Umesema mikono haiwezi kuja nyumbani,” bibi aliniambia. “Basi nyumba imekuja kwenye mikono.”

Madam alitoka ofisini, akaona mtoto, akalainika. Akafunga mlango kwa ufunguo, akapunguza kiyoyozi, akaniambia kwa Kiingereza, “Upande wa mbele usiguse, ana mshono. Mgongo na miguu tu. Yalla, anza.” Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kituoni tulikuwa na utaratibu wa kumhudumia aliyejifungua kwa upasuaji, nao ulitaka ruhusa ya daktari wake. Bibi alikuwa nayo. Alikuwa ameiomba hospitali siku ya kutoka, akaiweka mkobani kama tiketi.

Nilimweka mkwewe chumba cha mwisho. Bibi aliingia pia akavuta kiti. Sikumkataza, mzazi haachwi peke yake, hilo sihitaji kitabu kuniambia. Nikawasha taa ndogo, nikaweka mafuta kwenye maji ya moto yapate vuguvugu, na nikaanza na maswali. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo wateja hawaipendi. Kwa mama yangu mkandaji huuliza kwa vidole. Hapa lazima uulize kwa mdomo, na aulizwe mwenye mwili.

“Una maumivu wapi?”

“Mgongo,” alijibu bibi. “Na kiuno. Alichomwa sindano ya uti wa mgongo.”

“Usiku unalala?”

“Halali. Mtoto halali, atalala yeye?”

Mkwewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ameinamisha kichwa. Nilijua kwamba kabla ya kujifungua alikuwa mhasibu kwenye kampuni ya mizigo huko eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, mtu wa kupanga watu na kuwajibu wakubwa. Pale hakuonekana kama mtu wa kujibu lolote.

“Bibi, samahani,” nilisema. “Inapasa anijibu mwenyewe. Ndiyo sheria ya hapa.”

“Hata kusema sasa kuna sheria.”

“Hata kusema.”

Bibi akakaza mtandio wake, akanyamaza. Nikauliza tena, nikimtazama yule mwanamke usoni, maumivu yako wapi. Ilimchukua muda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, “Mguu.”

“Upi?”

“Wa kushoto. Tangu juzi. Nikikanyaga unanivuta huku nyuma.” Akajishika kigimbi.

“Hukusema mguu,” bibi alimwambia.

“Nilisema, mama. Uliniambia kila mzazi anaumwa miguu.”

Nikamwomba alale, nikafunua. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba kidogo, kama miguu ya wazazi inavyovimba. Wa kushoto ulikuwa mnene kuliko mwenzake kuanzia goti kushuka, ngozi imenyooka inang’aa, na kwenye kigimbi ilikuwa na wekundu hafifu ambao ungeweza kudhani ni mwanga wa taa. Niliweka kiganja juu yake bila kukandamiza. Kisha nikaweka kwenye ule mwingine. Kisha nikarudi. Ulikuwa wa moto.

Mguu wa namna hiyo kwetu una jina. Tunasema umeingia upepo, na upepo hutolewa kwa kukandwa, kutoka juu kwenda chini, kwa nguvu, mpaka utoke kwenye vidole. Mikono yangu ilijua namna ya kuanza. Nasema hivi bila kujisifu wala kujilaumu: ilikuwa imeshanyooshwa. Nilichokisikia kichwani ilikuwa sauti ya mwenzangu jikoni akisoma kwa Kiingereza chake cha Kericho, upande mmoja, ghafla, joto. Nikaifuta mikono kwa taulo.

“Sitaukanda,” nilisema.

Bibi hakuelewa. “Anza na mgongo basi.”

“Sitakanda popote leo. Huyu aende hospitali sasa hivi.”

“Hospitali ametoka.”

“Arudi.”

Alisimama. Bibi ni mfupi, lakini akisimama chumba hupungua. “Nimemtoa mzazi wangu ndani,” alisema. “Nimempitisha barabarani, juani, watu wanamwona, kwa sababu ya sheria zenu. Nimekuletea barua ya daktari. Nimenyamaza uliponiambia ninyamaze. Sasa waniambia hukandi?”

“Mguu una joto, bibi. Inawezekana damu imeganda ndani. Nikiukanda naweza kuisukuma ikapanda.”

“Ikapanda wapi?”

Nikagusa kifua changu. Sikutaka kulisema neno mbele ya mgonjwa.

Madam aliingia kwa kusikia sauti. Nikamweleza kwa Kiingereza. Aliutazama mguu, akanitazama mimi, na niliona jinsi anavyopima mambo mawili kwa wakati mmoja. “Una hakika?” aliniuliza.

“Sina. Mimi si daktari.”

“Huwezi kumfanyia mabega tu, akaenda hospitali jioni?”

“Hapana, madam.”

Kama angeniambia nifanye, sijui ningefanya nini. Hakuniambia. Aliyeamua ni mkwewe. Alikuwa ameketi, akivaa baibui lake upya, na sauti aliyoitoa ilikuwa nyingine kabisa, nadhani ndiyo ile ya kazini kwake. “Mwambieni dereva awashe gari. Mtoto aje na mimi. Mama, mpigie mwanao atukute huko.”

Tulimshika mikono mimi na mwenzangu, tukamwambia asikanyagie sana mguu ule. Bibi alitoka wa mwisho. Mlangoni aligeuka, akaniambia bila kupandisha sauti, “Nilikuletea mzazi kukandwa. Umemrudisha kwenda kukatwa.” Akaingia garini.

Chumba kilibaki na harufu ya mafuta ambayo hayakutumika. Niliyamwaga, nikabadilisha shuka ambalo halikuchafuka, nikakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekalia. Madam alikuja kusimama mlangoni.

“Kama hana kitu,” alisema, “tumepoteza familia nzima. Na majirani zao. Wale watu wote wanafahamiana.”

“Najua.”

“Sikulaumu. Nakwambia tu.”

Siku zilizofuata hatukusikia neno. Bibi hakuja siku yake. Mwenzangu aliniambia nisijisumbue, nimefanya kama kitabu kinavyosema, na hakuna wa kunigusa. Lakini mimi sikuogopa kuguswa. Kilichonisumbua ni kitu ambacho sikuweza kumweleza vizuri. Ikiwa ulikuwa uvimbe wa kawaida, basi nilikuwa nimeuacha mkono wangu wenyewe nikashika kitabu, na kitabu kikanidanganya. Na ikiwa haukuwa wa kawaida, basi kulikuwa na mambo ya kuulizana na mama yangu, ambayo sikutaka kumwuliza. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya jumla, bila kutaja nataka lipi.

Habari ilikuja kwa simu ya kituo, ujumbe wa sauti kutoka kwa mkwewe mwenyewe. Alikuwa amelazwa. Walikuta damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, wakamwanzishia dawa, na sasa uvimbe unashuka. Alisema daktari alimuuliza kama kuna mtu aliyeukanda ule mguu. “Nikamwambia hapana, mkandaji alikataa.” Kisha nyuma yake akasikika mtoto analia, na ujumbe ukakatika.

Madam aliusikiliza mara mbili, ingawa Kiswahili hakijui. Nilipomtafsiria alisema alhamdulillah, akarudi ofisini. Jioni hiyohiyo niliona ameanza kushughulikia kile kibali cha majumbani.

Kilipatikana baada ya arobaini kupita. Barua ya daktari mara hii ilikuwa na masharti: mgongo na mabega, kwa mkono mwepesi, miguu isiguswe, kwa kuwa mgonjwa bado yumo kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Nilikwenda Rashidiya na gari la kituo, nimevaa sare, kitambulisho kimening’inia shingoni, na mkoba wenye shuka zetu wenyewe maana utaratibu haukuruhusu kutumia za mwenye nyumba. Nilijiona kama fundi wa kiyoyozi.

Bibi alinipokea mwenyewe. Hatukuwa tumeonana tangu siku ile. Alitazama kitambulisho, mkoba, na viatu vyangu vya mpira.

“Kahawa utakunywa kwanza,” alisema, “au nayo inakatazwa?”

“Kahawa hawakuitaja.”

Tukanywa. Hakuzungumzia mguu. Alizungumzia bei ya ng’ombe wa kuchinja, na mjukuu anayetaka kwenda kusoma Uturuki. Nilipoinuka kwenda chumbani alibaki sebuleni, na sikujua kama ni heshima au ni hasira. Mpaka leo sijui. Aliendelea kuja kituoni kukandwa mabega, lakini tangu pale alikuwa akizungumza machache kuliko zamani, na nikitia neno la Kiingereza haningojei tena nilitafsiri.

Mkwewe alikuwa amekonda. Nilimkanda mgongo kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kitu cha kioo. Alilala kifudifudi akaongea muda wote: kwamba atarudi kazini, kwamba anaogopa kurudi kazini, kwamba hospitali alikuwa akiamka na kuushika mguu kuona kama bado ni wake. Alisema jambo moja ambalo nimelikumbuka. Alisema tangu mtoto azaliwe mimi nilikuwa mtu wa kwanza kumuuliza swali kisha nikangoja jibu.

Nilitaka kumwambia kwamba sikumuuliza kwa wema. Niliuliza kwa sababu ni lazima kuuliza, na asiyeuliza anaweza kunyang’anywa leseni. Sikumwambia. Niliendelea kumpangusa mgongo.

Mama nilimsimulia baadaye, kwa simu, siku yangu ya mapumziko. Nilisema yote kwa mzunguko, nikiogopa asije akadhani namfundisha. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mmoja tu?” aliuliza mwishoni. “Mguu mmoja?”

“Mmoja.”

“Na moto?”

“Na moto.”

Nilisikia redio ya jirani yake. Nilijua anahesabu miguu, ya miaka yote, nyumba kwa nyumba, na sikumsaidia kuhesabu. Kisha akaniuliza kama nimekula, na tukaagana.

Miezi kadhaa ikapita kabla hajaligusa tena. Akanipigia siku moja mchana, naye si mtu wa kupiga, hungoja apigiwe. Alikuwa ameitwa nyumba ya tatu kutoka kwake kumkanda mzazi, akamkuta mguu mmoja umevimba, una wekundu na joto. Akakataa kumkanda. Akawaambia wampeleke hospitali kuu, akasimama mlangoni mpaka wakakodi tuktuk.

“Wakakuta nini?” nilimuuliza.

“Siafu,” alisema mama. “Aliumwa na siafu. Wamempa dawa ya kupaka wakamrudisha. Wamenicheka mtaa mzima. Wasema nimezeeka, naogopa miguu.”

Nilimwambia amefanya sawa, kwamba hata mimi sikuwa na hakika, kwamba ndivyo inavyotakiwa, afadhali kuchekwa kuliko kulia. Aliniacha nimalize.

“Wewe wakikucheka,” alisema, “una karatasi ukutani ya kuwaonyesha. Mimi nitawaonyesha nini?”

“Wamekuita tena?”

“Wameniita. Kesho asubuhi naenda kumkanda. Mguu nimewaambia nitautazama kwanza.”

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza tangu nizaliwe, swali la kazi. Alitaka kujua, mzazi akiwa na homa ndogo tu, ya maziwa, kitabu kinasemaje. Nikaenda kukichukua kwenye kabati, nikakaa chini, nikaanza kumsomea polepole, nikitafsiri kila mstari.